Tanbihi Mia Mbili na Kumi na Nane

Nevyana Tsoneva hakuwahi kuweza kukaa kitini saa nzima. Alipokuwa mwanafunzi mjini Ruse, Bulgaria, alisoma huku akitembea. Alipoolewa, mumewe ilibidi azoee kula na mtu aliyesimama. Sasa, akiwa na miaka arobaini na sita, aliandika miongozo ya programu za kompyuta: sentensi mbili, anakwenda dirishani, anarudi na ya tatu.

Mwezi wa pili alipewa programu ndogo iliyotengenezwa na mwenzake Lyuben. Unaifungulia hati yenye tanbihi, yale maelezo madogo ya chini ya ukurasa, nayo inazifagia zote kwa mkupuo mmoja na kuyaacha maandishi safi. Wachapishaji walikuwa wanaililia.

"Usiandike sana," Lyuben alimwambia. "Watu hawasomi miongozo."

"Sasa mimi kazi yangu nini?"

"Kuandika. Ila usiandike sana."

Ili aijaribu, alihitaji hati ndefu. Mezani palikuwa na flashi ya shangazi yake Stoilka, daktari wa mifugo aliyestaafu, ambaye kwa miaka thelathini alikusanya habari za mabomba ya maji ya kijijini kwao, yaliyojengwa kwa mawe: nani alijenga lipi, kwa kumkumbuka nani. Kompyuta ya shangazi iliungua Januari, ndiyo maana flashi, nakala pekee iliyobaki, ililetwa na dereva wa basi ili Nevyana asahihishe makosa. Hakuwa na subira ya kunakili kwanza. Alifungua humo humo, akabonyeza.

Ilichukua muda wa kupiga chafya. Kurasa zilitoka safi, akaandika aya nzima ya kuisifia programu. Alipokwenda kufunga faili ndipo akaona: programu ilikuwa imehifadhi kazi yake juu ya hati ile ile. Lyuben alihangaika nayo siku nzima. Hakikurudi kitu.

Siku nne Nevyana alikwepa kumpigia shangazi. Kila alipotoka kazini alitembea kando ya mto Danube mpaka nyayo zikamuuma, akirudi nyumbani hana hamu ya kula. Shangazi akapiga simu.

"Umekuta makosa mangapi?"

"Bado naendelea, shangazi."

"Polepole tu. Wewe kusoma ni kama kukimbizwa na nyuki."

Jumamosi akapanda basi. Shangazi alikuwa uani, juu ya kigoda, akipogoa mizabibu. Nevyana hakungoja hata kukaribishwa.

"Shangazi, nimezifuta tanbihi. Zote."

Mkasi ulikata tawi moja, kisha la pili.

"Zote mia mbili na kumi na nane?"

"Zote."

"Mtu mwenye akili zake anatengenezaje mashine ya kufanya hivyo?"

"Wapo wachapishaji wasiozitaka."

"Na wewe ndiye unayewafundisha kuitumia."

"Ndiye mimi."

Shangazi alishuka taratibu, akishika mgongo. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile ile. "Shika mkasi huu, umalizie safu hii. Siwezi kumgombeza mtu anayezunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Alimgombeza walipoingia ndani, na kwa kirefu. Baada ya hapo akamimina chai ya mitishamba, wakaanza upya. Shangazi alikumbuka, Nevyana akaandika, daftari likiwa juu ya friji ili asimame.

"Bomba la juu niliambiwa na Gana, mjane wa fundi viatu. Alilia, sikumuuliza tena."

"Uliandika hivyo kwenye tanbihi?"

"Ningeandika wapi? Juu mule kwenye maandishi yenyewe ni tarehe na mawe tu."

Wiki tano mfululizo alikwenda. Walipata mia moja sitini na moja. Kwa zilizobaki shangazi alikuwa akifumba macho, akitikisa kichwa. "Huyu alikuwa na jicho moja. Jina limenitoka." Nevyana aliandika namba, akaacha nafasi.

Ofisini hakuwa tena mtu wa kuambiwa asiandike sana.

"Nataka programu ihifadhi kwenye faili jipya yenyewe," alimwambia Lyuben. "Isiguse la zamani."

"Nitaweka toleo lijalo."

"Weka sasa. Bila hivyo mwongozo siutoi."

"Mkubwa atakuja juu."

"Aje. Na mimi nitamsimulia habari za mwenye jicho moja."

Lyuben alinuna siku mbili, siku ya tatu akaiweka. Mwongozo bado ulianza na onyo, kwa herufi nene, kwamba tanbihi ikishafutwa hairudi. Hilo Nevyana alikataa kuliondoa.

Kitabu hakijachapishwa hadi leo. Watoto wengi wa wale wazee waliomsimulia shangazi wako Uhispania, na Nevyana anawatafuta mmoja mmoja kwa simu wakati wa chakula cha mchana, akienda na kurudi kwenye ukumbi wa ofisi huku wenzake wakimpisha. Majina mawili ya kujazia zile nafasi ameyapata. Shangazi anadai moja kati ya hayo si sahihi, na wanabishana.