Rangi ya Shohamu

Mzee mpaka rangi alikuwa amemaliza kuchora mawe yote ukutani isipokuwa moja, na hilo moja ndilo lililomtoa jasho. Shohamu.

Enzi hizo mkewe akiona vizuri, alikuwa akimsomea Biblia kwa sauti, habari za mawe ya thamani yaliyokuwa kifuani pa kuhani: akiki, zumaridi, almasi. Akifika kwenye shohamu hulivuta neno kama mtu anayeonja kitu kitamu. Baadaye ukungu ukamwingia machoni. Jicho la kushoto likafa kabisa, la kulia likaota mtoto wa jicho.

"Kumbe bado nazaa uzeeni," mkewe alisema, akacheka peke yake.

Sasa jicho lilikuwa limepasuliwa na kufungwa bandeji. Binti yao, nesi, angelifungua kesho yake asubuhi. Daktari hakuahidi kitu. Ndiyo maana mzee alichora mawe yale mbele ya kitanda, yawe kitu cha kwanza mkewe kukiona, kama ataona. Lakini shohamu ni rangi gani? Kumuuliza mwenyewe ni kuiharibu zawadi.

Akamwendea mchungaji, rangi ikiwa bado imemganda kwenye kucha.

"Neno la Kiebrania hilo, mzee wangu," mchungaji alimwambia. "Waliotafsiri waliliacha lilivyo. Wapo wanaosema ni jiwe jeusi lenye mistari myeupe, wengine la kijani kama maji ya bahari. Kwa uhakika, hakuna ajuaye."

"Sasa mimi nichovye brashi wapi?"

"Hapo umenishinda."

Alirudi nyumbani. Akafungua kopo la kijani, akalifunga, akalifungua tena. Mwishowe akapaka nyeusi, akapitisha katikati uzi mwembamba mweupe, bila rula. Rangi mtu aweza kuibahatisha, alijiambia, lakini uzi lazima auone. Hapo hapo akajuta. Amemtegea mkewe mtihani, na akifeli je?

Asubuhi binti alinawa mikono, akavuta pazia, akaanza kufungua bandeji.

"Taratibu, mama, usikimbilie. Nawe baba, kaa chini, tusije tukapata wagonjwa wawili."

Mzee hakukaa. Alisimama mlangoni na ndoo tupu mkononi, asijue kwa nini ameibeba.

Mama akafumbua jicho. Chozi likamtiririka. Akautazama ukuta.

"Naona rangi rangi," alisema. "Lile jekundu ni akiki. Na hilo jeusi pale chini?"

"Shohamu," mzee alijibu.

"Shohamu jeusi? Nani kakudanganya? Miaka yote mimi najua ni la kijani!"

Binti aliangua kicheko. Mzee hakucheka. Doa jeusi hata jicho bovu lingeliona.

"Hakuna kitu kingine ndani yake, bibie?"

"Kitu kama nini?"

 Mzee akataka kusema basi, yaishe, lakini mkewe alikuwa ameshainama mbele, amekunja uso vile alivyokuwa akikunja zamani, mkao wa mtu anayetafuta punje ya mchanga kwenye mchele.

"Huo uzi mweupe? Mimi nilidhani rangi imekudondokea. Mbona umekwenda upogo hivyo, fundi mzima?"

Mzee akaigeuza ndoo, akaikalia.

"Nitaunyoosha," alisema, "nitaunyoosha," na hakuweza kuinuka.