Wimbo wa Mama Somoe Niliujibia Mimi

“Sasa wewe mwenyewe unataka nini?” Gabi aliniuliza hivyo tukiwa nje ya kanisa. Nilikuwa na wimbo tu. Nilikosa, ndugu zangu, na kosa ni langu peke yangu.

Nilitoka chuo kikuu nikapangiwa kufundisha kijijini Mahurunga. Kila kitu nilikihoji: siasa, dini, hata mahari. Gabi, mwalimu mwenzangu na mchumba wangu, alikuwa akinitania, “Leo chumvi umeihoji?” Kanisani tulikuwa tumeshatangazwa Jumapili mbili. Ilibaki moja, kisha harusi.

Wiki hiyo tulipeleka wanafunzi shamba la kijiji. Wanawake walilima wakiimba, Mama Somoe, mtunzi wao, akiongoza:

Nimekuacha umesimama, sikugeuka.
Kivuli chako kilinitosha.
Sasa nakwenda ninakoambiwa,
kwenye watu wengi, nami peke yangu.

Nilimwomba anitajie maneno, nikayaandika. Niliyasoma asubuhi, nikayasoma jioni, na kila mara nilijiona mimi. Aliyeachwa amesimama ni msichana niliyekuwa. Ninakoambiwa ni kwenye ndoa, na huko nitakuwa peke yangu. Nikaamini mama huyu amenijua kuliko ninavyojijua.

Nilimwonyesha Gabi.

“Umemuuliza alimtungia nani?”

“Ya nini? Wimbo ukishaimbwa ni wa msikilizaji.”

“Haya, msomi. Na mimi nimo mstari wa ngapi?”

Sikucheka. Jumapili, kabla ya misa, nilimwendea padre nikamwomba asitutangaze tena. Gabi alinikuta nje, akaniuliza lile swali. Alingoja, jamani. Alingoja mpaka watu wote wakaingia ndani.

Aliomba uhamisho, akaoa huko alikohamia. Baba alirudisha mahari bila kunitazama. Mimi nimerudi mjini, Rahaleo, nyumbani kwa wazazi, na bado nampenda mume wa mtu. Sijui pa kuupeleka moyo huu.

Wewe unayejitafuta katika maneno ya mtunzi, jitafute. Lakini kabla hujamwacha mtu kwa ajili ya maneno hayo, mwendee aliyeyatunga. Nyumba ya Mama Somoe ilikuwa ng’ambo ya uwanja wa shule. Mimi niliyehoji kila kitu sikuvuka uwanja.

Juzi nilikutana na binti yake sokoni, nikamuuliza, miaka yote hii imepita. Mama yake aliutunga wimbo ule walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, wakaacha mashamba yao ya zamani. Aliutungia mkorosho wake.