Darubini ya Bunduki ya Baba

Juzi nilimwomba mjukuu wangu anisomee kibao cha basi la Chato, nikajifanya nampima kusoma. Hapo nikamkumbuka baba, mchana ule Shinyanga, katika duka lililonukia mafuta ya taa na magunia mapya.

Alikuwa akichagua darubini ya bunduki yake ndogo, ya kufukuzia ngedere shambani. Kila aliyopewa aliielekeza ng'ambo ya barabara, kwenye ng'ombe waliokuwa wakinywa maji, akaniuliza, "Mwanangu, yule wa mwisho ana baka wapi?" Nilijibu haraka kwa furaha, maana nyumbani tulicheza hivyo kila jioni ng'ombe wakirudi zizini. Nikishajibu, alichungulia tena.

"Chukua hii kubwa, mzee, inavuta zaidi," alisema mwenye duka.

"Inanionyesha pembe tu. Nataka nimwone na mtoto aliye nyuma ya ng'ombe."

Akachukua ya wastani. Njiani aliniwekea mkono begani, nami nikatembea kwa maringo, nikidhani nimependwa kuliko ndugu zangu wote. Sikujua kwamba macho yake yalikuwa yanafifia.

Basi la Chato liliposimama, nilimshika mjukuu begani tukapanda. Naye alitembea kwa maringo. Nikamwacha hivyo hivyo.