Nilivyosaini mkopo wa gari baada ya Amina

Wakuu, salamu kutoka Machakos.

Nimesoma uzi wa yule mwenzetu ambaye gari lake la mkopo linalala gereji kuliko nyumbani, nikaona nitoe yangu. Ni ya mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Sitaongeza chumvi, ilikuwa nayo ya kutosha.

Mama yangu alikuwa anapoteza macho. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Alikuwa anaishi Kalama, milimani nje ya mji, na hospitali ya mjini ilimpa siku ya upasuaji, na kabla yake kliniki kadhaa za kupimwa. Ukikosa kliniki, nafasi inaenda kwa mwingine.

Nikaamua kununua gari.

Lilikuwa mtumba wa Kijapani, jeupe, kwa hire purchase: kampuni ya mkopo inailipa yadi, wewe unailipa kampuni kila mwezi. Mwenye yadi ya magari alikuwa mzee wa kanisa la mama. Aliweka karatasi mezani, akavua kofia, akaomba. Aliombea gari, akaombea macho ya mama, akaombea hata kazi yangu ya ualimu.

Sasa niambieni, mtu akishasema Amina, utatoa miwani uanze kusoma maandishi madogo kama vile unamshuku?

Nikasaini kurasa nne. Mimi, mwenye digrii ya fasihi, ninayewakata wanafunzi maksi kwa kutosoma swali.

Wiki ya pili gari likachemka mlimani. Nikarekebisha. Likachemka tena. Ikafuata starter, ikafuata radiator. Kila mara nilienda kwa fundi wangu Mutua, nikalipa, nikanyamaza. Kumpelekea mzee malalamiko niliona ni kama kumrudishia maombi yake. Jumapili akiniuliza gari linaendeleaje, namjibu tunamshukuru Mungu.

Mama alikaa kiti cha mbele, kiondo chake cha mkonge mapajani. Hakuona barabara, lakini injini aliisikia kabla yangu. Alikuwa akisema tu, "Inaanza," na kabla ya kona inayofuata mvuke uko juu. Na kila Mutua alipotoa kipuri kibovu, mama alinyoosha mkono apewe. Nilidhani ni mambo ya uzee.

Kliniki ya pili tuliikosa. Tulikaa kando ya barabara, boneti wazi, mama akiniambia pole kana kwamba yeye ndiye amechemka. Upasuaji ukaahirishwa. Daktari akasema tukikosa tena, basi.

Hapo ndipo nilipomwambia mwenzangu anayefundisha commerce. Alicheka kwanza, kisha akausoma mkataba ambao mimi sikuusoma. Ulisema gari limeuzwa lilivyo. Lakini ukurasa wa tatu ulisema pia injini haijawahi kufunguliwa.

Akanieleza kwamba mpaka nimalize kulipa, mwenye gari ni kampuni ya mkopo. Niwaandikie wao, si kumngoja mzee. Na nisithubutu kuacha kulipa, maana watalichukua gari na mimi nibaki mkosaji.

Nikaandika. Mutua naye akaandika kwamba gasket aliyoitoa, ile ya kuziba maungio ya injini, ilikuwa imebandikwa kwa gundi, yaani kuna mtu aliifungua injini hiyo kabla yetu.

Siku ya kuonana na meneja wa kampuni, mama alikataa kubaki nyumbani. Meneja alikuwa mwanamke wa makamo, mpole lakini mkavu. Akauliza gasket yenyewe iko wapi. Nikaanza kueleza kwamba vipuri vya zamani hutupwa.

Mama akafungua kiondo.

Alivitoa kimoja kimoja, akivipapasa. Hiki kilitoka siku ya mvua. Hiki, siku ya kliniki tuliyokosa. Gasket ikalala juu ya karatasi za meneja, gundi yake ikionekana wazi.

Meneja akapitisha kidole kwenye gundi, kisha akaniuliza kwa nini nilinyamaza miezi yote hiyo.

"Huyu nilimfundisha heshima," mama akasema. "Kununua gari sikumfundisha."

Kampuni ikaibana yadi, nayo ikalichukua tena lile gari na kutupatia lingine kwa mkataba uleule. Rangi yake ilikuwa ya ajabu, lakini lilipanda mlima. Siku ya upasuaji tulifika kabla ya wauguzi wa asubuhi.

Mzee bado tunasali naye. Anaomba vizuri sana, hilo sibishi.

Wakuu, karatasi zisomwe kabla ya maombi. Gari likikataa mara ya kwanza, andika siku hiyohiyo, ubaki na nakala, na fundi akupe alichotoa. Mimi kila nilipotengeneza kimyakimya nilikuwa nafuta ushahidi wangu na kuita hiyo adabu.

Walipomfungua mama bandeji, hakuuliza gari. Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanitazama sana.

"Mwana wakwa," akaniita kwa Kikamba, "umejaa mvi na hukuniambia."

Karibuni. Na wewe, ulinyamaza kwa heshima ya nani?