Waya wa Redio Kubwa

Nyumbani kwangu kila waya una kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu: huu ni wa simu hii, huu ni wa ile. Watoto hunicheka. Wananiambia siku hizi ukikosea hakuna kinachoharibika, unachukua tu mwingine. Mimi huwaacha wacheke. Sijui ni nani huko viwandani anayeamka asubuhi na kuamua kwamba tundu la mwaka jana halifai, lakini kila ninapoletewa kifaa kipya ambacho hakuna waya wangu hata mmoja unaokiingia, hasira hunipanda, na chini ya hasira hiyo kuna hofu. Hofu hiyo najua ilikoanzia.

Ilianzia kwetu Bukura, katika miaka ya tisini, mwaka ambao baba alilazwa hospitali Nairobi. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Figo zilimsumbua mpaka miguu ikavimba, asiweze kuvaa viatu, na mdogo wake aliyeishi Nairobi akaja kumchukua. Mimi nilikuwa kidato cha pili, tumefunga shule. Walipokuwa wakiondoka, baba mdogo alimwambia mama maneno ambayo nadhani hakuyafikiria sana.

"Shemeji, barua inachelewanga, na simu hamna. Mkikaa kimya nami nikikaa kimya, mjue ako sawa. Likitokea jambo, nitapeleka tangazo redioni. Nyinyi sikilizeni tu jioni."

Wakati huo matangazo ya vifo yalisomwa redioni kila jioni, na watu wa kwetu waliyasikiliza kwa makini kuliko taarifa ya habari. Lilisomwa jina, kijiji, wilaya, kisha majina ya ndugu na mahali walipo. Ndivyo mtu aliye mbali alivyojua kwamba amefiwa. Mama aliyachukua maneno ya baba mdogo kama mapatano. Jioni ambayo jina la baba halikusomwa, baba alikuwa hai, na mama aliweza kupika, kula, hata kunitania kidogo.

Tulikuwa na redio mbili. Ile ndogo alikwenda nayo baba. Ile kubwa, yenye kaseti, ilibaki mezani. Ilitaka mawe manane, yaani betri kavu, zile kubwa za tochi, lakini mwaka mmoja mawe yalivuja ndani na kuozesha springi, na tangu hapo baba aliiendesha kwa betri ya gari iliyokaa chini ya meza. Ile ndogo nayo tulizoea kuifunga kwenye betri ya pikipiki. Kila redio ilikuwa na waya wake. Nyaya zote mbili baba alizitengeneza kwa mkono wake: upande mmoja kibanio chekundu na kibanio cheusi vya kushika betri, upande wa pili pini ya kuingia nyuma ya redio. Ukizitazama zilifanana kabisa. Tofauti ilikuwa kwenye pini tu, na hiyo ilikuwa ndogo sana.

Mama ndiye aliyefunga mizigo ya baba. Alifunga kwa haraka, machozi yakimtoka, na akaweka redio ndogo pamoja na waya alioudhani ni wake, ili baba asikose kitu. Jioni hiyo alipoketi kusikiliza, pini ilicheza ndani ya tundu la redio kubwa, na redio ikawa kimya. Waya uliobaki nyumbani ulikuwa wa redio ndogo. Waya wa redio kubwa ulikuwa njiani kwenda Nairobi.

Mama alichomoa pini, akaichomeka, akaipulizia, akaichomeka tena. Mwishowe aliniita, "Njoo uone wewe, una macho." Niliona alichokiona yeye: pini nyembamba, tundu pana. Nikaitafuta ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, nikaizungushia pini ili inenepe. Redio ikakoroma, ikasema maneno mawili matatu, ikanyamaza. Nilipoibonyeza pini kwa kidole gumba kuelekea upande mmoja, na nikashikilia hapo bila kupumua, ilisema. Nikiachilia, kimya.

Jumamosi tulikwenda mjini Kakamega, kwenye duka la vifaa vya redio karibu na soko. Muuzaji alitoa boksi zima la nyaya zilizosokotana na kutuuliza tunataka pini gani. Mama alimwonyesha kwa ncha ya kidole chake kidogo, upana wa namna hii. Yule bwana akamwambia alete redio yenyewe. Mama akasema redio ile haitoki nyumbani. Hakueleza kwa nini, na mimi nilijua: alihofu ikianguka njiani atabaki bila sikio. Basi tukapewa waya mmoja, tukaambiwa huo unaingia redio zote.

Kweli, uliingia na kukaa imara. Lakini upande wa betri ulikuwa na nyaya mbili uchi, zote nyeusi, mmoja una mstari mweupe. Upi ni wa chanya? Muuzaji alikuwa ametuonya, "Mkigeuza, inachoma." Nilimwambia mama ule wenye mstari lazima una maana yake, tujaribu. Mama alinitazama, kisha akatazama redio.

"Ukikosea je?"

"Sitakosea."

"Nimekuuliza, ukikosea je?"

Mama aliukunja ule waya mpya akauweka kabatini. Waya wa zamani ulikuwa mbaya, lakini kile kibanio chekundu kilifungwa na baba mwenyewe, na mama aliamini kibanio hicho kuliko maneno yangu na ya muuzaji. Kwa hiyo kila jioni nilipiga magoti nyuma ya meza, gumba langu kwenye pini, na mama akaketi mbele, sikio limekaribia kipaza sauti. Gumba liliota sugu. Nilichukia ule waya, nikamchukia aliyetengeneza matundu yasiyolingana, na nikaogopa mkono wangu mwenyewe usije ukateleza.

Kisha ikaja jioni moja. Msomaji alikuwa amemaliza watu wa Siaya, akageuza karatasi, tukamsikia. "Kwa majonzi makubwa tunatangaza kifo cha Mwalimu..." Mama aliinama mbele ghafla, goti lake likagonga mguu wa meza, na pini ikaruka chini ya gumba langu. Kimya. Niliibonyeza huku, nikaibonyeza kule. Iliporudi, sauti ilisema, "...wa Bukura, Wilaya ya Kakamega. Habari ziwafikie..." na ikakatika tena. Niliporudisha mara ya pili alikuwa amefika kwa mtu wa Kisii.

Sijawahi kuogopa namna ile. Mama hakulia. Alisimama, akatoka nje, akasimama uani akitazama njia. Nilielewa anachofanya. Kwetu jina la mtu likisomwa, majirani hawangoji kuitwa. Wanakuja wakilia, mikono kichwani. Kama baba amekufa, tutawasikia wakija kabla hatujawaona.

Mtu akatokea njiani. Alikuwa mama mmoja, jirani yetu, anatembea mbio, leso inamdondoka. Mama alishika mlingoti wa kamba ya nguo. Yule mama alipofika getini alisimama, akatutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, wala hakulia.

"Kwani hamlii?" akauliza.

"Tulie nini?" mama akasema. "Wewe umesikia nani?"

"Sijasikia. Yetu inakoromanga tu, mawe yamekwisha. Nimeshika Mwalimu na Bukura, nikasema wacha nikimbie kwenu. Kama ni yeye, nyinyi mtakuwa mnalia."

Walibaki wakitazamana, kila mmoja akingoja habari kutoka kwa mwenzake. Ndipo kilio kikaanza ng'ambo ya mto, sauti moja ya mwanamke, kisha nyingi. Kule kulikuwa na boma la mwalimu mstaafu aliyekwenda kuishi na mwanawe Nakuru. Mama alisema, "Asante Mungu," kwa sauti, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. Alijifunga leso, yeye na jirani wakateremka kwenda kulia na wenye msiba. Nilimsikia akilia kuliko wote.

Baba alirudi mvua zilipoanza kupungua, amekonda, shati linampwaya, lakini kwa miguu yake. Tulimchinjia kuku. Baada ya kula alifungua begi, akatoa redio ndogo, akatoa na waya, akautupa mezani bila hata kuitazama pini.

"Na huu nimeubeba bure," akasema. "Kule nilitumia mawe tu."

Alitueleza kwamba jioni wodi nzima ilinyamaza, kila mgonjwa akisikiliza kwao.

"Hata mimi nilikuwa nasikiliza, nisije nikasikia mmoja wenu. Siku ile waliposoma yule mzee wa ng'ambo, waliposema tu Mwalimu, nikajua mama yako ameketi hapa. Nikaomba wataje jina haraka. Walipolitaja nikapumua. Nikasema, sasa naye amepumua." Akamgeukia mama. "Si mlisikia jina?"

Mama alikuwa ameuokota ule waya, anaigeuza pini kati ya vidole. Nilifungua kinywa, akanikata kwa jicho.

"Tulisikia," akasema. "Lilisomwa vizuri."

Akaenda nyuma ya redio kubwa kuuchomeka. Uliingia mara moja, lakini alikaa ameinama pale nyuma muda mrefu.