Skrini ya Mpui

Mimi ni mtu nisiyetulia, na kazi niliyojichagulia haikunisaidia. Nafunga skrini za matangazo, zile runinga kubwa za ukutani madukani, halafu naziendesha nikiwa mbali. Nyuma ya kila skrini kuna kisanduku kidogo chenye laini ya simu. Nikibadilisha tangazo kwenye simu yangu huku mtaa wa Kizwite ninakoishi, linabadilika stendi ya hapa Sumbawanga mjini, kwenye mashine ya kusaga Mollo, na kwenye duka la pembejeo Mpui. Kila skrini ina kitone chake kwenye ukurasa wangu: kijani ikiwaka, chekundu ikizimika. Navitazama vitone hivyo kabla sijanawa uso. Navitazama hata kanisani. Mke wangu alishasema siku moja atavaa gauni la kijani, labda nitamwona.

Mpui ndiko nilikozaliwa, na mama bado yuko kule, peke yake tangu baba afariki. Presha inamsumbua. Nilimnunulia simu, akaizima, akaifunga kwenye kitambaa isiingie vumbi, akaiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Basi habari zake nazipata kwa mwenye duka la pembejeo, ng'ambo ya barabara kutoka kwa mama. Ni Msukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe. Yeye ng'ombe walimchosha, akaanza kuuza mbegu na mbolea. Mpole kupita kiasi, na anaongea polepole mpaka natamani nimmalizie sentensi zake.

Siku nilipofunga skrini pale dukani watu walijaa, nami nikajitapa. Niliwaambia kuanzia leo sina haja ya kuja Mpui, maadamu inawaka mengine yote namalizia kwenye simu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake wa ulezi. Alisikia yote.

Mavuno yalipoanza nilimpata mteja mkubwa, muuzaji wa mifuko ya kuhifadhia mahindi. Alitaka skrini zote ziwake msimu mzima, na ya Mpui hasa, maana kule ndiko kwenye mahindi. Kisha asubuhi moja, upepo wa baridi ukipiga mabati, kitone cha Mpui kikawa chekundu. Nikajaribu kuiwasha kwa mbali, kimya. Nikajaribu tena. Mteja akapiga kuuliza kulikoni, nikamwambia ni mtandao, nikakata, nikampigia mwenye duka.

Nilimuuliza kama umeme upo, akasema upo. Nikamwambia achomoe waya wa skrini auchomeke upya. Nikasikia anakohoa kidogo, kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia.

“Fundi,” akasema, “we njoo tu. Ukifika utaona.”

Huku kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Anayepiga atakwambia fulani hajisikii vizuri, njoo tu, na mengine utayakuta. Baba alipofariki nilikuwa Mbeya. Ba' mdogo alinipigia akasema baba yako ameamka vibaya, njoo tu, nami njiani nikamnunulia mgonjwa machungwa. Nilifika nyumbani na mfuko wa machungwa mkononi, nikakuta turubai limeshafungwa uani na wanaume wamekaa chini yake.

Nikamuuliza mwenye duka kama mama yupo. Akasema yupo, yupo. Mara mbili. Kwa nini aseme mara mbili?

Nilichukua pikipiki bila kuaga. Glavu nilizisahau, na upepo wa huku kwetu Ufipa hauna huruma na mtu wa aina hiyo. Nilipotoka mjini vidole vilikuwa havisikii breki. Simu ilitetemeka mfukoni njia nzima, mteja, nikamwacha atetemeke. Mahali fulani nikasimama kupisha ng'ombe wanavuka, nikafungua ukurasa kuangalia kitone, chekundu, nikawatukana ng'ombe, nikamtukana mchungaji wao, naye akanipungia mkono kwa adabu. Nilijiuliza ni lini nilikwenda Mpui mara ya mwisho. Tangu nifunge ile skrini sikuwa nimekanyaga. Nilikuwa naona kijani na kujiambia kwetu salama.

Nilipokaribia nyumbani nikaliona turubai. Bluu, uani kwa mama. Sijui niliiegeshaje ile pikipiki, nadhani niliiangusha. Nilikuwa nimeshaanza kulia nilipogundua kwamba turubai la msiba hufungwa juu, na hili limetandikwa chini, na juu yake kuna mahindi yanaanikwa.

Mama alikuwa ng'ambo, dukani, amekaa kwenye kigoda chini ya ile skrini nyeusi, anapukuchua mahindi. Mwenye duka alikuwa nyuma ya kaunta akipanga pakiti za mbegu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikamwamkia mama. Akaitikia, akanitazama machozi, akatazama mikono yangu iliyokufa ganzi. Kisha akamgeukia yule Msukuma.

“Haya, iwashe sasa.”

Akachomeka waya. Mifuko ya mahindi ikaanza kucheza ukutani. Nikapandwa na hasira. Nilimwambia mama kwamba nimepata hofu ya kufa mtu, kwamba mteja anataka kuvunja mkataba, kwamba hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Alisubiri nimalize, akapukuchua hindi lake mpaka mwisho.

“Ulisema ikiwaka huji,” akasema. “Sasa baba, mimi ningefanyaje?”

Niliketi chini, nikachukua hindi, nikaanza kupukuchua na vidole vile vilivyouma.

Tangu hapo Jumamosi nyingi kitone cha Mpui huwa chekundu. Mteja akilalamika namwambia skrini ile ina hitilafu isiyotengenezeka kwa mbali, lazima niende mwenyewe, nami natafuta glavu.

Ila kuna Jumamosi moja kilibaki kijani. Saa mbili kijani, saa tatu kijani. Nilizunguka chumba, nikatoka nje, nikarudi. Sikumpigia mwenye duka, niliogopa atakachosema. Nikawasha pikipiki.

Nilimkuta mama hayupo. Yule bwana akaniambia, polepole, kwamba ameenda jumuiya, na kwamba huko wakianza kusali hawamalizi mapema. Nikakaa kwenye kigoda chake chini ya skrini. Alipotokea barabarani na rozari mkononi, matangazo yangu yalikuwa yameshazunguka juu ya kichwa changu sijui mara ngapi, na sikuwa nimeangalia hata moja.