Kura Haipewi Msafiri

Mungu anisamehe, nilisikiliza simu ya watu. Treni ilikuwa imetoka kituo cha Flemingsberg, nje kidogo ya Stockholm, jua la Agosti likipita katikati ya miti, nami nusu nimelala. Mbele yangu dada mmoja alikuwa akiongea kwa video na mama yake, aliyekwenda Bujumbura kumuuguza ndugu yake.

“Mama, kura yako ya Sweden umeifunga mbele ya mashahidi wawili?”

“Kiongozi wa kwaya na mke wake. Wametia sahihi. Bahasha nimempa mtoto wa mchungaji, kesho anapanda ndege. Ataitia posta hapo Stockholm.”

Dada akashika paji la uso. “Ee Mama! Kura ya barua lazima itumwe kutoka nje. Ikitiwa posta hapa haihesabiwi.”

“Lakini tumeiombea!”

“Maombi ni sawa, Mama. Stempu ndiyo iwe ya huko.”

Nyuma ya Mama pazia lilipepea polepole, nikahisi kama upepo wake unanifikia humu kwenye treni.

“Tangu nizaliwe sijapiga kura,” akasema taratibu. “Ngoja nivae viatu, nimfuate.”

Hadi tunafika kituo cha Tumba simu ilionyesha barabara nyekundu tu, ikiyumba kwa hatua zake.

Ndivyo tulivyo: cha thamani tunampa msafiri, posta tunaiachia bili. Hata mimi. Basi msomaji, kama mzazi wako yuko ng'ambo, mpigie leo. Aombe bahasha za kura ubalozini mapema, na akishaifunga kura yake, aitume kutoka hukohuko.